Nilivyowawashia kobe wa mke wangu taa ya vifaranga, na alichoniuliza aliporudi

Wakuu, poleni na mihangaiko ya siku.

Mimi ni msomaji wa kimya humu miaka mingi. Nacheka na ugomvi wenu wa mpira, nafunga simu, naendelea na kazi zangu. Leo nimeona na mimi nishushe uzi. Haya yamenikuta mwenyewe na sijaongeza chumvi. Zipo sehemu nitaonekana mjinga, nimeziacha hivyo hivyo maana ndivyo ilivyokuwa.

Nipo Singida mjini, Mandewa. Nafuga kuku, chotara na kienyeji. Natotolesha vifaranga, nawalea mpaka mwezi mmoja, nauza. Kazi hii nimeifanya muda mrefu kiasi kwamba nikipita nje ya banda nasikia kwa sauti tu kama vifaranga wana baridi au wana njaa. Huo utaalamu ndio ulioniponza.

Mke wangu ni mwalimu wa shule ya msingi. Alisubiri ajira muda mrefu huku akijitolea shule za hapa hapa. Ajira ilipotoka, kituo kikawa Mtwara, tena vijijini. Tulishangilia siku mbili, siku ya tatu tukafungua ramani.

Sasa ni mwaka wa nne. Binti yetu Neema alikuwa na miaka miwili, akaenda na mama yake. Leo ana sita na anaongea kwa lafudhi ya kusini, akinipigia simu nabaki kumsikiliza tu.

Tuje kwenye kobe.

Mke wangu kwao ni Ulemo, kule Iramba. Baba yake aliwakuta kobe wawili wadogo shambani wakati yeye bado msichana wa shule, akampa. Wamekua naye. Nilipomuoa alikuja na sanduku, kitanda, na kobe wawili wenye ukubwa wa sufuria ya ugali wa watu sita. Jike anaitwa Bi Mkubwa. Dume anaitwa Karani, kwa sababu hapiti kitu bila kukikagua.

Kabla hamjanirukia: kobe ni mnyamapori, najua. Tulienda ofisi husika, tukajieleza, karatasi zipo ndani. Msiende kuokota kobe porini kwa sababu ya uzi huu.

Sitaki kudanganya, mwanzoni niliwaonea wivu. Mama Neema alikuwa akitoka shule anawasalimia wao kwanza. Anachuchumaa uani, anawapa majani, anawasimulia habari za walimu wenzake. Mimi niko pale na ndoo ya maji ya kuku, hata hanioni.

Siku anaondoka kwenda kuripoti kituoni, stendi, Neema kamlalia begani, aliniambia hivi: "Baba Neema, kuku ni wako. Nyumba ni yetu. Wale wawili ni wangu. Nikirudi niwakute."

Hakuniachia maagizo mengine. Hakuniambia nisichelewe kurudi nyumbani, hakuniambia habari za ada wala matofali. Kobe tu. Ndiyo maana nilijua kwamba wale wakifa mkononi mwangu, kuna kitu kati yetu kitakufa nao, na kwa umbali ule hakuna namna ya kukirekebisha.

Miaka miwili ya kwanza mambo yalikwenda vizuri. Uani palikuwa na nafasi, jua lipo, mchunga, yale majani machungu, unaota wenyewe kando ya ukuta, wanakula. Jioni wanaingia chini ya ngazi za jikoni, wanalala.

Halafu biashara ikachangamka. Nikaongeza banda. Nikaongeza la pili. Uwanja wa kobe ukawa mabanda ya vifaranga. Kobe nikawahamishia ndani, chumba cha Neema.

Hicho chumba nilikuwa siingii. Kitanda chake kidogo kipo, bila godoro. Ukutani mama yake alikuwa anampima urefu kwa penseli, mistari minne, wa mwisho unanifika katikati ya paja. Nilikuwa nikifungua mlango nafunga tena. Kobe walipohamia, nikalazimika kuingia kila siku.

Wanaoijua Singida wanajua baridi yake. Kuanzia mwezi wa sita hivi upepo unaanza, unapita chini ya mlango, asubuhi hata maji ya kunawa yanauma. Sakafu ya simenti ndiyo usiseme. Kobe wakaanza kupoa. Saa nne asubuhi bado wamejikunja. Mchunga unakauka mbele yao.

Kila siku saa moja jioni nampigia mama Neema. Neema ananyang'anya simu. "Baba, Karani kala?"

Nasema kala.

"Na Bi Mkubwa?"

Nasema naye kala, kala sana, tumbo liko hivi.

Siku ya kwanza ni uongo mdogo. Ukisema wiki nzima unaanza kushindwa kuongea mengine.

Nikasema mimi si mtu wa kushindwa na joto. Nimelea vifaranga maelfu kwenye baridi hii hii. Nikafanya ninachokijua.

Nikazungusha hadibodi kama duara. Sisi wa kuku tunajua duara ni lazima, kwenye kona vifaranga wanarundikana wanakufa. Nikamwaga maranda. Nikatundika ile balbu nyekundu ya vifaranga katikati, chini kabisa, ikawaka mchana na usiku bila kuzimwa. Umeme ukikatika, naingiza jiko la mkaa na kulifunika kwa chungu, kama bandani.

Nilijiona fundi. Nikapiga video, nikaituma Mtwara. Mama Neema akajibu: "Mbona kama vifaranga?" Nikacheka, nikamwambia mama, joto ni joto.

Wakuu, joto si joto tu. Hilo nililipia.

Ukilea vifaranga unasoma wanavyokaa. Wakirundikana chini ya taa, wana baridi, unashusha taa. Wakibanana upande mmoja ukutani, kuna upepo unaingia, unaziba. Basi Bi Mkubwa akaanza kuzunguka lile duara akisukuma hadibodi kwa kichwa, asubuhi mpaka jioni. Karani kajibana ukingoni, shingo ndani, kafumba macho. Nikasoma kama ninavyosoma vifaranga. Nikasema upepo. Nikaziba chini ya mlango kwa gunia, na taa nikaishusha zaidi.

Kumbe Bi Mkubwa alikuwa anatafuta pa kukimbilia. Nimemzungushia duara lisilo na kona, jua jekundu juu yake halizami, hana pa kujificha. Na mimi kila akihangaika nasogeza moto.

Wiki ya pili nikishika mgongo wa Karani pale juu, ni wa moto kama bati, lakini miguu yake ya baridi. Bi Mkubwa akaanza kutoa mapovu puani. Bado jioni nasema kala.

Halafu umeme ukakatika siku moja na nusu, jiko likakaa mle ndani muda mrefu. Asubuhi nilipofungua mlango harufu ya mkaa ilinirudisha nyuma. Nikafungua madirisha yote. Nikamgusa Bi Mkubwa kichwani. Kobe ukimgusa kichwa anakirudisha ndani, hata aliyelala. Yeye hakurudisha. Kichwa kimelala kwenye maranda kama si chake.

Nilikaa chini. Nikawa namwambia Bi Mkubwa usinifanyie hivyo, nakuomba, subiri mwenyewe aje. Mtu mzima naongea na kobe.

Nikamweka kwenye beseni, nikalifunga nyuma ya pikipiki, moja kwa moja kwa daktari wa mifugo ninayenunua kwake chanjo za kuku. Ni mama mmoja mtaratibu sana. Nikamwamkia, akaitikia, akaangalia ndani ya beseni, kisha akaniangalia mimi.

"Mimi nimesomea ng'ombe, mbuzi na hao kuku wako," akasema. "Kobe nitakuwa nabahatisha. Lakini haya ni mapafu."

Akampigia mwenzake wa nje ya mkoa anayejua wanyama wa aina hiyo, wakaongea muda mrefu. Akapima uzito, akachoma sindano. Akaniambia nimkalishe kwenye maji ya vuguvugu yasiyopita kidevu, kila siku, na jiko lisiingie tena kile chumba.

Ndipo akauliza: "Porini kobe akiamka anafanya nini?"

Nikasema anaota jua.

"Akishapata la kutosha?"

Anaingia kichakani.

"Na usiku?"

Giza.

"Sasa wewe kwako kichaka kiko wapi, na giza liko wapi?"

Nilisema tu asante daktari, nikabeba beseni langu.

Kwa hiyo wakuu, kwa wale mliokuja kwa ajili ya taa na joto, nilichojifunza ni hiki. Wajuzi mtanisahihisha.

Kobe hana moto wake ndani kama sisi. Anaupata nje, anaupima kwa kutembea. Kwa hiyo hutakiwi kupasha chumba kizima. Unampa upande wa moto na upande wa baridi, achague. Nilivunja lile duara, nikatengeneza boma la mbao la mstatili, refu kuliko kitanda. Upande mmoja taa na jiwe bapa chini yake. Upande wa pili chungu kilichovunjika nimekilaza ubavu, na majani makavu, giza totoro. Hicho ndicho kichaka.

Taa ikae juu, maana mwenzetu kobe huota joto kwa mgongo. Mimi nimeiweka kama sentimita arobaini kutoka mgongoni na nimeifunga kwa mnyororo, usitegemee waya wake. Nina vipimajoto viwili vya kulelea vifaranga, kimoja kila upande. Penye moto nataka nyuzi thelathini na mbili mpaka thelathini na tano. Kwenye chungu ishirini na kitu. Usiku isishuke sana chini ya kumi na nane.

Balbu yenyewe ilinitoa jasho. Hizi za kuokoa umeme hazifai, zinatoa mwanga bila joto. Nilizunguka maduka nikiulizia balbu za zamani, wauzaji wananiangalia kama nimetoka usingizini. Aliyeniokoa ni Bwana Nilesh, mwenye duka la vifaa vya umeme mjini. Alipanda ngazi mwenyewe, akashusha boksi lenye vumbi, wati sitini na wati mia. Akauliza za nini. Nikamwambia. Akasema marehemu bibi yake naye alikuwa na kobe uani, akalipangusa lile boksi vumbi, akanipa.

Taa nyekundu nimeiacha kwa vifaranga. Mchana kobe anataka mwanga mweupe kwa muda wa saa kumi na mbili hivi, halafu giza. Nimefunga taima ili nisisahau. Kwa joto la usiku kuna kitu cha udongo mweupe kinaingia kwenye holda ya balbu, kinatoa joto bila mwanga. Nimekiunganisha na kidhibiti joto cha mashine yangu mbovu ya kutotoleshea. Hapo ukuku wangu ulinisaidia, nisijiseme vibaya tu.

Kuna suala la mionzi. Jua lina mionzi inayomsaidia kobe kutengeneza gamba na mifupa. Balbu ya kawaida haina. Na msidanganyike kumweka dirishani, kioo kinaizuia ile mionzi, joto linapita mionzi inabaki nje. Inatakiwa taa maalumu ya watambaazi. Mimi kwa haraka nilinunua taa ya zambarau nikijua ndiyo, Bwana Nilesh akaniambia hiyo ni ya kuulia mbu. Ya kweli niliagiza Dar, nilipiga simu mpaka Arusha, nikatuma watu, ikaja kwa basi imefungwa ndani ya khanga. Na inachoka hata kama bado inawaka, kwa hiyo nimeandika kwa kalamu ya maka siku niliyoifunga.

Lakini dawa kubwa kuliko taa zote ni jua lenyewe, ambalo Singida tunalo bure. Nilivunja banda moja. Ndiyo, lile lililokuwa linaniingizia. Nikawarudishia uwanja wao. Upepo ukitulia, saa tano mpaka saa tisa wanatoka nje, wakirudi ndani wanakuta taa.

Karani alianza kula ndani ya siku chache. Bi Mkubwa alichukua zaidi ya mwezi. Kila siku maji ya vuguvugu, kila siku namshika kidevu kisizame. Siku aliyong'ata jani la mchunga, alilikata kipande kidogo kama kucha, nikalia. Nimeandika bila aibu.

Kuna jambo sikumwambia mtu. Kwenye simu yangu nina hali ya hewa ya miji miwili, Singida na Mtwara. Asubuhi moja naangalia, Singida kumi na tatu, Mtwara thelathini na moja. Nikainua macho, kipimajoto cha chini ya taa kinasoma thelathini na moja.

Tangu siku hiyo nikawa nakunywa chai mle ndani. Nakaa kwenye kitanda cha Neema, upande wa taa, nanyoosha mkono pale juu ya jiwe. Najisemea joto hili ndilo analolisikia saa hizi yuko ubaoni. Nilimkumbuka mke wangu mpaka mwili ukawa unauma. Alivyo na tabia ya kufuta chaki kwenye sketi. Anavyokohoa kidogo kabla ya kuniambia jambo ambalo sitalipenda. Nikitoka mle ndani baridi inanipiga, naenda kuhudumia kuku.

Alikuja likizo ya mwezi wa kumi na mbili. Neema alinisalimia kwa shikamoo kama mgeni, akajificha nyuma ya mama yake mpaka kesho yake.

Nikawapeleka chumbani. Nilikuwa nimengoja siku ile kama mtoto anayengoja sikukuu. Nikamwonyesha taa, taima, mnyororo, kidhibiti joto, chungu. Nikamweleza mionzi. Nikamweleza kioo. Nadhani niliongea saa nzima. Yeye kambeba Bi Mkubwa mapajani, anampangusa vumbi kwa khanga, machozi yanamtoka anacheka.

Nikaona nisimalize likizo na uongo moyoni. Nikamwambia yote, duara, jiko, mapovu, na zile jioni zote nilizosema kala.

Akasema, "Nilijua. Ulikuwa unajibu haraka mno." Basi. Hakunigombeza.

Halafu akakohoa kidogo.

"Hiyo taa umeitafuta muda gani?"

Nikasema kama miezi miwili. Kwa fahari kabisa. Dar, Arusha, watu wa mabasi.

"Na barua yangu ya uhamisho," akasema, "tangu niilete huku mwaka juzi, umeenda kuiulizia mara ngapi?"

Wakuu.

Ofisi yenyewe ya elimu kutoka kwangu ni dakika kumi na tano kwa pikipiki. Napita mbele yake nikienda kununua chakula cha kuku.

Sikuwahi kuingia hata mara moja.

Ukweli niliujua baadaye, nikiwa peke yangu. Niliogopa kuambiwa hapana. Kobe niliweza kuwatengenezea joto kwa mikono yangu, nikaona matokeo. Ile barua ingeweza kurudi na jibu ambalo nisingeweza kulifunga kwa waya. Nikaona afadhali nimkumbuke tu. Huko kumkumbuka nilikuwa nimeshakuzoea, hata pa kukaa nimepatengeneza.

Mama Neema alimrudisha Bi Mkubwa bomani, akaenda kupika. Likizo ilikuwa nzuri, tulicheka, Neema akanizoea siku tatu kabla ya kuondoka. Tulimpima tena ukutani, ananifika kiunoni. Januari nikawapeleka stendi.

Kutoka stendi sikurudi nyumbani. Nilikwenda ofisini na vumbi langu la kuku viatuni. Mhusika alinisikiliza vizuri tu. Akasema maombi ni mengi, ila njia ya haraka ni moja: apatikane mwalimu wa msingi wa hapa anayetaka kwenda kule, wabadilishane. Wakipatana, karatasi zinatembea. Nimesharudi pale mara nne, wananijua kwa jina.

Funzo langu ni hilo, na ninyi mtaongeza yenu. Wenye kobe ndani, leteni picha za mlivyofunga taa, na kama nimekosea vipimo nisahihisheni kwa upole, wengine hapa bado tunajifunza. Wa kunicheka na taa ya mbu, nimeshawaruhusu.

Ila nina ombi ambalo ndilo hasa limenifanya niandike.

Kama wewe ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Singida, iwe Mwankoko, Iramba, Manyoni, popote mkoani, na kwenu ni kusini, au una mwenza wako huko, au umechoka tu na huu upepo, njoo PM. Nitajibu saa yoyote.

Shule anayofundisha mke wangu kule Mtwara ni nzuri. Maji yapo karibu. Nyumba utaikuta imefagiliwa, na kuna mipapai miwili ameipanda mwenyewe, imeanza kuzaa. Darasa lake ni la pili. Watoto watakusumbua wiki za mwanzo, kila asubuhi watakuuliza mwalimu wetu yuko wapi, anarudi lini.

Wavumilie. Mimi mwaka wa nne huu nauliza hivyo hivyo.